Ndoo Mbili kwa Barua Pepe Moja

Newala,
Jumapili, baada ya ibada.

Dada yangu Debora,

Shikamoo. Na kwa kuwa najua unaisoma barua hii kwa sauti, Mama akiwa amekaa karibu na moto na khanga yake mabegani, shikamoo na wewe Mama. Mimi mwanao Yona ni mzima, nakula, nalala, ila mafua ya vumbi hayajaniachia. Nataka kujua macho yanaendeleaje. Je, asubuhi bado unauona mwanga wa dirishani, au na huo umeanza kukutoroka? Magoti nayo yamepona baridi? Dada, jibu lake liandike kama atakavyolisema yeye mwenyewe, usiniandikie "hajambo" tu, maana wewe hata mtu akivunjika mguu huandika hajambo.

Barua yako niliipata Jumanne ya wiki iliyopita. Niliisoma ofisini, nikaisoma tena nyumbani, halafu nikaikunja nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo ili isinitazame. Uliandika hivi: "Yona, kama hutaki kurudi sema hutaki. Elia nimemwambia asubiri mpaka maneno yameniishia. Usinisingizie kompyuta."

Yamenichoma, nakwambia kweli. Najua Bwana Elia amekaa Korogwe na cherehani yake mwaka wa pili sasa, akingoja umtajie siku ya harusi. Najua umekataa kumtajia kwa sababu huwezi kumwacha Mama peke yake, na hutamwacha mpaka mimi nipate uhamisho nije ofisi ya Lushoto. Miaka sita unampikia, unamwongoza mpaka chooni, unamsomea, nami niko huku mwisho wa nchi nahesabu mikorosho ya watu. Hayo yote nayajua. Sijayasahau hata siku moja. Lakini kompyuta sikuisingizia. Leo nakueleza kisa chote tangu mwanzo, nawe uniamini, ingawa mimi mwenyewe nusu yake sijaielewa mpaka sasa.

Ilianza kwa ilani kutoka makao makuu Dar es Salaam. Mwaka huu, ilisema, maombi ya uhamisho yatapokelewa kwa barua pepe tu, yatoke kwenye anwani ya ofisi ya mwombaji, na yafike kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa kumi. Yatakayoletwa kwa bahasha hayatafunguliwa. Ilani yenyewe ilitufikia kwa bahasha.

Sasa intaneti yetu, dada, usiidhanie kuwa kitu cha ajabu kinachokaa hewani. Ni simu. Kompyuta imeungwa na kisanduku kidogo kinachoitwa modemu, na modemu imeungwa na simu ya mezani ya ofisi, ile ile ambayo bosi wetu Mzee Barnaba huitumia kuuliza hali za shemeji zake. Ukitaka kutuma barua, modemu inapiga simu Dar es Salaam kama mtu. Inalia, inapiga mluzi, inakwaruza. Huko nako kuna modemu mwenzake anamjibu kwa mluzi na kukwaruza. Wakielewana, umeingia. Wasipoelewana, maandishi yanatokea: laini imekatika, jaribu tena. Na muda wote huo hakuna anayeweza kupiga simu, kwa hiyo shemeji za Mzee Barnaba wanakaa bila kuulizwa hali.

Fomu yangu niliijaza mwezi wa nane. Mzee Barnaba akatia sahihi na mhuri, tukaipiga picha kwa mashine, nikaiambatisha, nikabonyeza tuma. Kuna kamstari ka buluu kanakotambaa kuonyesha barua inakwenda. Kakatambaa mpaka robo, kakasimama. Laini imekatika, jaribu tena. Nikajaribu tena. Kakafika robo, kakasimama. Nikajaribu siku iliyofuata, kakafika nusu, nikasimama na mimi kitini kabisa, kisha kakakatika. Ikawa ndiyo kazi yangu. Ukinikuta asubuhi niko hapo, ukinikuta mchana wakati watu wa Dar wanakula niko hapo, maana niliambiwa saa hiyo laini hupumzika. Haikupumzika.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Mzee Barnaba alisema ni salfa. Huku miezi hiyo watu wanapuliza unga wa salfa kwenye mikorosho kuzuia ukungu wa maua, alfajiri unaona mashamba yote yamefunikwa wingu la njano, na unga huo unaingia popote, mpaka kwenye chai. Kwa hiyo tukafunga madirisha, tukaivisha kompyuta kitenge, tukaivisha modemu kitambaa cha mezani. Modemu ikapata joto na laini ikawa mbaya zaidi. Tukaivua. Mimi nikasema ni waya, nikanunua mwingine Masasi nilipopelekwa kikazi. Hakuna kitu. Nikasugua ncha za waya kwa spiriti. Nikasikia harufu ya hospitali wiki nzima, basi. Hapo ndipo wenzangu walipoanza kuniita Baba Modemu. Huku mtu huitwa kwa jina la mtoto wake, na mimi sina mtoto, walikuwa wamekosa cha kuniita tangu nije.

Utasema, kwa nini nisitume kutoka Masasi, mjini. Hapo pana mahali pa intaneti, ndiyo, na inakwenda. Lakini barua ilitakiwa itoke kwenye anwani ya ofisi, na anwani ya ofisi imefungwa ndani ya kompyuta ya ofisi, na neno la siri la kuifungulia kwingine aliondoka nayo karani aliyenitangulia. Nikapiga simu makao makuu. Akapokea dada mmoja mwenye sauti nzuri sana.

"Barua pepe yangu haifiki," nikamwambia.

"Pole kaka. Tatizo hilo tunalishughulikia. Tuandikie maelezo yako."

"Niandike wapi?"

"Kwenye barua pepe."

Nilikaa na simu mkononi, nikijiuliza kama ni mimi nimerukwa na akili au ni yeye. Mpaka leo sijapata jibu.

Mwisho tukamwita fundi wa simu kutoka Masasi, anaitwa Fundi Saidi, Myao mmoja mpole asiyependa maneno mengi. Akapanda huku juu na pikipiki yake. Hakuigusa kompyuta hata kidogo. Aliinua mkono wa simu, akasikiliza, akanipa.

"Sikiliza. Kuna nini?"

"Kuna kelele. Kama mtu anakaanga kitu."

"Hiyo ni ardhi," akasema.

Akanitoa nje mpaka nyuma ya ofisi. Simu yetu haiji kwa nguzo, inakuja kwa antena iliyoko juu ya paa, na kutoka huko kuna waya unaoshuka ukutani mpaka kwenye chuma kimoja kirefu kilichopigiliwa ardhini. Nilikuwa nakiona kila siku, nikidhani ni cha kufungia mbuzi. Fundi Saidi akachota mchanga pale kwenye chuma, ukapita vidoleni kama unga. Akasema ardhi ikikauka hivi, chuma hakishiki, kelele zinapanda juu na kuingia kwenye laini.

"Mtu anayezungumza kwa mdomo atavumilia. Mashine haivumilii. Mwagieni maji hapa, ndoo moja kila asubuhi. Itatulia."

Dada, mimi nimezaliwa Lushoto. Kwetu mfereji unapita nyuma ya jiko usiku na mchana na hakuna anayeusikia tena. Tangu utoto nimeambiwa maji na umeme havikai chumba kimoja. Leo mtu mzima ananiambia nimwagie simu maji. Kuuliza si ujinga, lakini nilikuwa sijui hata niulize nini. Nikasema asante, akapanda pikipiki yake akaenda.

Lazima nikueleze jambo la maji huku, bila hilo hutaelewa. Uwanda huu uko juu na maji yako chini. Bomba likitoka ni siku mbili kwa wiki, siku nyingine zote linatoa upepo. Wenye uwezo wamejenga matangi ya kukinga mvua, na mvua hapa ikiaga mwezi wa nne au wa tano haionekani mpaka karibu na Krismasi. Kwa hiyo maji hayatupwi. Nimeona kwa macho yangu maji ya kuoshea mchele yakaosha vyombo, yaliyoosha vyombo yakadeki sakafu, na yaliyodeki yakapelekwa taratibu kwenye shina la mti. Siku ya kwanza nilipomwaga maji ya kunawa mlangoni, kama tufanyavyo nyumbani, jirani yangu aliacha kuongea akaangalia pale yalipoanguka mpaka yakakauka.

Ofisini kwetu mambo ya maji ni ya Mama Anjela. Huyu ni mhudumu wetu, mama wa makamo kama Shangazi Naomi. Kwao ni Lulindi, amezaliwa kwenye familia ya kanisa, baba yake alikuwa mwalimu wa dini, kisha akaolewa huku Newala. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, naye hunijibu "marahaba mwanangu", halafu ananitazama kama nimekula. Nilipougua mwaka juzi ndiye aliyeniletea uji. Nikamwita, nikampeleka nyuma ya ofisi, nikamwonyesha chuma.

"Mama, fundi amesema pamwagiwe maji hapa kila asubuhi, ndoo moja."

Akaangalia chuma, akaniangalia mimi.

"Hapa kwenye chuma? Hapa pasipo na kitu?"

"Hapa hapa."

"Haya," akasema.

Dada, wewe haya ya namna hiyo unaijua, maana ni yako. Ilinipasa nishtuke. Sikushtuka.

Basi kila asubuhi nikifika nakuta ndoo imeegeshwa nyuma ya ofisi, tupu, bado ina unyevu ndani. Maji yamemwagwa. Naingia ndani, naiwasha modemu, inapiga mluzi, kamstari kanafika robo, laini imekatika. Siku ya pili vivyo hivyo. Wiki ya kwanza ikapita. Nikaenda kukagua chuma, nikashika mchanga, mkavu. Nikamuuliza Mzee Barnaba, akasema udongo wa huku hunywa upesi, ukimwaga saa kumi na mbili, saa mbili umeshasahau. Nikaona ni kweli. Nikamwambia Mama Anjela ziwe ndoo mbili.

"Mbili?"

"Mbili, Mama. Barua yangu lazima iende."

"Haya."

Zikawa ndoo mbili, na kelele ziko pale pale. Nikaanza kumshuku fundi kwamba alinipumbaza mimi mgeni. Nikamshuku mtu wa Dar kwamba hataki kupokea. Mwezi wa kumi ukaingia, ukafika katikati, nikaanza kujishuku mwenyewe. Nikawa nawaza, labda kweli moyoni sitaki kurudi, na mashine imelijua hilo kabla yangu. Mtu akichanganyikiwa sana hufikiria mambo kama hayo.

Hapo ndipo barua yako ilipofika, Jumanne, na Ijumaa ya mwisho ilikuwa inakuja siku tatu mbele.

Kesho yake sikuwasha hata kompyuta. Nilitoka nje nikaufuata ule waya kwa kidole, kutoka kwenye paa, ukutani, mpaka kwenye chuma. Chuma kiko pale, mchanga mkavu, mweupe, hata mchwa hawapiti. Nikasimama nimeshika kiuno. Halafu nikageuka nirudi ndani, na pale kwenye kona ya ukuta, hatua tano hivi kutoka nilipokuwa, nikauona mpapai.

Nilikuwa nauona siku zote bila kuuona. Mwezi wa saba ulikuwa kijiti chenye majani matatu ya kuomba msaada. Sasa umenipita kichwa, majani mapana, ya kijani kibichi, na maua yameshika shingoni. Miti mingine yote ya uani imejikunja kwa kiangazi. Huu peke yake umenawiri. Shinani kumezungushiwa kitaro kidogo cha udongo, kizuri, na ndani ya kitaro udongo ni mweusi, umelowa.

Nikamwita Mama Anjela. Akaja anafuta mikono.

"Mama, shikamoo."

"Tumeshaamkiana, Karani."

"Yale maji ya chuma, Mama. Unayamwaga wapi?"

Akafuata macho yangu mpaka kwenye kitaro. Kisha akasema, bila kuinamisha macho, "Hapa."

"Nilisema kwenye chuma."

"Ulisema. Na siku ya kwanza nilikwenda kwenye chuma. Nikainamisha ndoo, mkono ukakataa. Mwanangu, maji nimeyabeba kichwani. Kuyamwaga mahali pasipoota kitu sijapata kuona, hata marehemu baba asingenielewa. Nikasema, ni hatua tano tu. Ardhi si ndiyo hiyo hiyo? Yatafika."

"Umeyabeba kichwani kutoka wapi? Si ya tangi la ofisi?"

"Tangi gani?" akaniuliza, na safari hii ndiye aliyechanganyikiwa yeye. "Tangi lilikauka mwezi wa tisa hata haujaisha. Nayachota bondeni na wanangu. Ndoo ya ofisi naitoa kwenye maji ya nyumbani. Wewe uliposema mbili, nikaacha kufua katikati ya wiki."

Hapa, dada, usimsomee Mama, maana nitaona aibu hata nikiwa mbali. Nilisimama pale nikakosa pa kuweka uso. Mwezi mzima na zaidi nimekuwa nikimnyang'anya mama wa watu maji ya kunywa, na kuagiza nyongeza, kwa sauti ya bosi, nami nimelelewa na mwanamke aliyetufundisha kumpokea mzigo kila mkubwa tunayemwona njiani. Nilisema nisamehe Mama. Nikasema sikujua. Nikamweleza kila kitu: fomu, macho ya Mama, wewe, Bwana Elia na cherehani yake, Ijumaa. Kumbe sikuwahi kumwambia. Nilikuwa nimemwambia barua, barua, sikumwambia barua ya nini. Na yeye hakuuliza, kwa sababu huku mkubwa hamchimbi mtu.

Akasikiliza mpaka mwisho, akaketi kwenye kizingiti.

"Kwa hiyo dada yako haolewi kwa sababu ya huu mpapai."

"Si kwa sababu ya mpapai, Mama."

"Kwa sababu yangu basi."

"Kwa sababu yangu mimi. Nilimwaga maji yako."

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema, "lakini haya hayakumwagika. Yako humo ndani ya mti, yatazame." Akaunyoshea kidole. Kisha akauangalia mpapai, akakiangalia chuma, akasema jambo ambalo mimi, bosi wangu na fundi wa Masasi hatukuliwaza.

"Sasa hicho chuma kimeota mizizi? Si mkihamishe kije hapa kwa mpapai. Wote wanywe."

Nikakimbia ndani kumpigia Fundi Saidi. Nilimweleza haraka haraka, akakaa kimya mpaka nikadhani na hiyo laini imekatika. Kisha akasema, "Ardhi ni ardhi, bwana. Penye unyevu ndipo pazuri. Ungeni waya vizuri tu." Na nikasikia anacheka, mtu ambaye hata salamu huitoa kwa kupima.

Alhamisi tukaking'oa. Mzee Barnaba alivua koti la ofisi akashika jembe mwenyewe, akidai tangu mwanzo alisema shida iko chini. Hakuna aliyemkumbusha salfa. Tukakipigilia chuma kandokando ya kitaro, mbali kidogo na shina ili tusiumize mizizi, tukaunganisha waya na kipande kingine. Lakini udongo wa kando ulikuwa bado haujashiba, na Fundi alipopigiwa tena alisema ndoo mbili nzima zishuke polepole. Mama Anjela akanyoosha mkono achukue ndoo. Nikamwambia leo hapana, leo ni zamu yangu.

Nilishuka bondeni jioni ile na akina mama, njia ya kuelekea Kitangari, na Ijumaa alfajiri nikashuka tena. Safari ya kwanza nilibeba mkononi, nikafika na nusu ndoo na suruali iliyolowa. Wanawake walinicheka kwa adabu, wakigeukia pembeni. Safari ya pili nikawekewa kata ya khanga kichwani na ndoo juu yake, wakanitwisha, nikapanda ule mlima shingo imekazana, siwezi kuangalia kulia wala kushoto. Nilipofika ofisini nikagundua jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Sijui namna ya kuishusha. Nikiinama inamwagika, nikiinua mikono inayumba. Nikasimama katikati ya uwanja na ndoo yangu, mwanaume mzima, karani, sijui nifanye nini, na maji yananidondokea sikioni.

Mama Anjela akatokea mlangoni.

"Ndoo haijitui, mwanangu," akasema. "Simama hapo hapo. Nakuja kukutua."

Akaja, akaishika kwa mikono miwili, akaiteremsha bila kumwaga hata tone. Nikajisikia mwepesi mpaka kizunguzungu. Halafu tukamwagia, kidogo kidogo kwa kikombe, udongo ukanywa, ukanywa tena, ukaanza kubaki mweusi.

Saa nne nikaiwasha modemu. Mzee Barnaba alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, Mama Anjela ameshika birika mlangoni. Ikapiga mluzi, ikakwaruza, ikaelewana na mwenzake mara moja, kama watu wa kijiji kimoja. Nikainua mikono nisiguse kitu. Kamstari kakafika robo. Kakafika nusu. Mama Anjela akauliza kwa sauti ya chini, "Kanakunywa?" Nikamwambia kanakunywa, Mama. Kakafika mwisho. Ikaandikwa: imetumwa.

Nikashusha pumzi, na kabla sijaimaliza ikaandikwa tena: imetumwa. Na tena. Na tena. Nilijaribu kuizuia, haikuzuilika. Kumbe barua zote nilizoziandika upya tangu mwezi wa nane zikakatika, kompyuta ilikuwa imeziweka kwenye foleni, moja nyuma ya nyingine, zinasubiri mlango ufunguliwe. Mlango ukafunguliwa, zikatoka zote. Nikajishika kichwa. Nikasema sasa wataniona kichaa, watalifuta jina langu kabisa. Ndiyo maana wiki nzima iliyofuata sikukujibu, dada. Sikuwa na la kukuandikia ila hofu, na hofu unayo ya kwako ya kutosha.

Alhamisi hii iliyopita jibu likaja, kwa barua pepe, na halikukatika. Nimelinakili kama lilivyo: "Ndugu, ombi lako tumelipokea mara kumi na tisa. Mara moja ingetosha. Umekubaliwa kuhamia ofisi ya Lushoto kuanzia mwezi wa kwanza. Tafadhali usijibu barua hii." Mzee Barnaba amelichapa karatasini, amelibandika ukutani juu ya modemu.

Msomee Mama sehemu hiyo mara mbili.

Nilimwonyesha Mama Anjela karatasi. Akaisoma taratibu, akasema Mungu ni mwema, kisha akageuka akaenda kuosha vikombe ambavyo alikuwa ameshaviosha. Sikujua kwamba nimepazoea hapa mpaka walipokubali niondoke. Nimekwambia nimechanganyikiwa, na hilo nalo ni mojawapo. Mapapai yataiva nikiwa nimeondoka. Ameahidi kunikaushia mbegu za mapapai ya jirani yake nizilete, nimemwambia kwetu baridi, mpapai hauzai. Akasema, "Panda tu. Ukikosa papai utapata mahali pa kumwagia."

Mpe salamu Mjomba Kaniki, umwambie jembe lake nililolivunja bado nalikumbuka. Msalimie Shangazi Naomi na magoti yake, na yule shemeji yetu wa Soni anayesema mimi ni Mmakonde sasa. Mchungaji aliyetubatiza umsalimie pia, na jirani yetu mama wa njia panda, mwambie mwanawe wa Mtwara nilimwona, ni mzima. Bwana Elia msalimie wewe mwenyewe. Mwambie apime nguo, achague na siku, yoyote baada ya mwezi wa kwanza.

Na wewe dada, niwie radhi. Umembeba Mama miaka sita hujamwaga tone, na mimi nilikuwa nakuandikia barua kukupongeza jinsi unavyobeba vizuri. Simama hapo hapo mlangoni. Nakuja kukutua.

Mdogo wako akupendaye,
Yona
(Baba Modemu)